Herufi za Ukubwa Uleule

Nikifumba macho naiona tena Alhamisi ile, mwanangu. Nimesimama kwenye ukumbi wa shule, gundi imenikaukia vidoleni, namtazama bibi wa miaka tisini na kitu akisoma uongo wangu polepole, mstari kwa mstari, kwa lenzi ya mkononi.

Ndiyo, nimekuita mwanangu, na najua unacheka. Nina miaka kumi na saba na ndevu zangu bado unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini katika darasa letu la Kiswahili pale kanisani mimi ndiye mkubwa, na mwalimu ameamua kwamba mwaka huu mkubwa ndiye atakayewaandikia wadogo nasaha. Kwa hiyo kaa chini. Weka simu mfukoni. Mzee anaongea.

Mama yangu anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee huko Golden Valley. Sisi tunaishi Columbia Heights na gari letu ni moja, hivyo nikitoka shule mimi hupanda basi hadi kazini kwake, namsubiri, tunarudi pamoja. Huko ndiko nilikomjua Shosho Aili. Mama ndiye aliyeamuru nimwite shosho, yaani bibi, kwa sababu kwetu mtu mwenye mvi haitwi kwa jina tupu, awe katoka Murang'a au katoka kwenye barafu. Huyu alitoka kwenye barafu. Wazazi wake walihama Ufini wakaja kukaa kaskazini ya jimbo hili la Minnesota, kule kwenye migodi ya chuma, na baba yake alikuwa mhariri wa gazeti la Kifini lililotoka kila siku isipokuwa Jumapili. Jina la gazeti lilikuwa refu ajabu. Mara ya kwanza nilipojaribu kulitamka, Shosho aliniuliza kama nimejiuma ulimi.

Sasa, mwalimu wetu wa historia alitaka kila mmoja achague kitu kilichokufa hapa Minnesota, aeleze kiliishi vipi na kilikufa vipi. Iwe reli, kiwanda, duka, chochote. Kazi zingebandikwa ukumbini, na zile bora zingeendelea kwenye mashindano. Mimi nikachagua gazeti la Shosho. Usifikiri ni kwa mapenzi ya magazeti. Ni uvivu tu, mwanangu. Shahidi wangu alikuwa amekaa kwenye kiti, haendi popote, na mahali pa kumhoji ndipo nilipokuwa nikisubiri gari.

Lakini Shosho hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kwanza kahawa. Anashika donge la sukari katikati ya meno, anaivuta kahawa ipitie hapohapo, na ole wako uulize swali kabla donge halijaisha. Halafu mkate wao wa kusuka, wenye iliki. Mama alipouonja siku ya kwanza alisema haya ni mandazi yaliyosoma ng'ambo, na tangu hapo wakawa marafiki, yeye na Shosho, wakibishana kila siku iliki inatwangwa vipi.

Baada ya kahawa ndipo anaanza. Alinieleza kuhusu nyumba za wachimbaji, ambako wanaume walilala kwa zamu kitanda kimoja, mmoja akitoka mgodini mwingine anaingia, na jioni mmoja wao anasoma gazeti kwa sauti ili wenye macho mabovu wasikie. Alinieleza kwamba kila kijiji kilikuwa na mtu wake wa kutuma habari: nani amezaa, ng'ombe wa nani ametumbukia kisimani, nani alikwenda kunywa kahawa kwa nani na kwa nini hakukaa sana. Herufi za kuchapia zilikuwa za madini ya risasi, zikipangwa moja moja kwa mkono, na Kifini kinakula herufi kama sisi tunavyokula chapati Krismasi, mpaka zikawa zinaisha kwenye sanduku kabla ukurasa haujajaa. Na kuna siku alinisimulia kirefu kuhusu mtu aliyetangazwa amekufa kumbe yuko hai. Hiyo sikuisikia vizuri. Simu ilikuwa mezani ikirekodi, mimi nilikuwa chini ya meza na simu ya pili, ya zamani, nikicheza mpira.

Mwanangu, usinitazame hivyo. Na wewe unayo simu ya pili.

Ikabaki sehemu moja tu: gazeti lilikufaje. Nikamuuliza. Shosho akaweka kikombe chini, akatazama dirishani, akasema hiyo ina siku yake, si leo. Nikasubiri wiki nzima. Kila nikiuliza, siku yake bado. Kazi ilitakiwa Jumatatu asubuhi, na Jumapili baada ya kanisa nilikuwa sina mwisho.

Basi nikautunga.

Unajua huku watu huendesha magari juu ya ziwa wakati wa baridi, wanakwenda kuvua samaki kwenye matundu, na kila mwaka kuna mmoja ambaye barafu inamkataa, gari linazama na watu wanapiga picha. Nikaona hapo ndipo utamu ulipo. Nikaandika kwamba gazeti lilikuwa likihamia mji mwingine, mhariri akapakia mashine ya kuchapa kwenye lori, akakata njia ya mkato juu ya ziwa akiwa amelewa chakari, barafu ikapasuka, mashine ikaenda chini na herufi zote, na samaki wa ziwa lile mpaka leo wanasoma Kifini. Juu nikaweka kichwa cha habari cha herufi kubwa kama sahani: MHARIRI MLEVI AZAMISHA GAZETI ZIWANI. Nikachora na lori.

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akaomba utulivu, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Hakuna aliyeuliza nimepata wapi. Kwa nini waulize? Kila mtu hapa ana mjomba ambaye lori lake limezama. Kazi yangu ikabandikwa katikati ya ukumbi, ikachaguliwa kuendelea mbele, na kwa wiki nzima watu nisiowajua walinipungia mkono na kugonganisha ngumi nami kunipongeza. Nilitembea kama waziri.

Jumatano tukiwa kwenye gari, Mama akaniambia kwa Kiswahili, kama kawaida yake, kwamba Shosho ameomba atengenezwe nywele. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba hiyo ni poa. Mama akaendelea. Kesho wazazi wanaalikwa shuleni, si ndiyo? Basi Shosho naye anakuja. Binti wa dada yake atatoka Woodbury kumchukua. Na amemwambia Mama amtolee kwenye kabati kijibeji cha baba yake, akivae kifuani.

Nikauliza kijibeji gani.

"Cha chama cha watu walioapa kutogusa pombe," Mama akasema. "Baba yake alikuwa mwenyekiti. Kwani hakukuambia?"

Alikuwa ameniambia, nadhani. Wakati huo nilikuwa napiga penalti.

Sasa nisikilize hapa, maana hili ndilo kosa lenyewe. Ule uongo ulikuwa ujinga, na ujinga kila mtu anao wake. Kosa ni nilichofanya baadaye, nikidhani ninarekebisha. Alhamisi saa sita nilikwenda ukumbini na kikaratasi na gundi. Nilikuwa nimeandika hivi: "Masahihisho. Baadhi ya maelezo yaliyo hapo juu hayajathibitishwa." Herufi zake zilikuwa ndogo kama zile za karatasi inayokuja ndani ya pakiti ya dawa. Nikakibandika chini kabisa, karibu na sakafu, pembeni kidogo ya gurudumu la lori. Nikajipongeza. Sikuondoa kichwa cha habari, maana kazi ilikuwa inaendelea mbele na nilikuwa napenda kule kupungiwa mkono. Lakini nilikuwa nimesahihisha, si ndiyo? Mtu asingeweza kusema sikusahihisha.

Saa tisa wakaja. Shosho kwenye kiti cha magurudumu, nywele zimesimama vizuri, koti la bluu, kijibeji kifuani kinang'aa. Mama nyuma yake bado na nguo za kazi. Mwalimu akakimbia kuwapokea, akasema kwa furaha kwamba hii ndiyo kazi iliyopendwa kuliko zote.

Shosho akatoa lenzi. Akaanza juu. Akasoma kichwa cha habari, na lenzi ikasimama hapo muda mrefu. Ikashuka kwenye lori, ikapita kwenye samaki, ikashuka, ikashuka, mpaka akainama kwenye kiti na binti wa dada yake akamshika bega asianguke. Akasoma kile kikaratasi. Akainuka, akapumua.

Alizungumza Kiingereza, lakini maneno yake nayakumbuka moja moja.

"Hii ya chini uliibandika lini?"

Nikamwambia leo.

"Na ya juu?"

"Wiki iliyopita."

"Ya juu imesomwa na wangapi?"

"Shule nzima, Shosho."

"Na ya chini?"

Nikatazama viatu vyangu. "Wewe."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akagusa kijibeji chake kama mtu anayehakikisha kifungo kiko mahali pake, akasema, "Baba yangu hakunywa hata kwenye harusi yake mwenyewe. Siku ile nilipokusimulia habari za mtu aliyekufa akiwa hai, simu yako ilikuwa imewashwa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kasikilize."

Akamwashiria binti wa dada yake, kiti kikageuzwa, wakaenda. Mama alinitazama mara moja tu, akawafuata kurudi kazini, nami nikapanda basi langu la kila siku. Wewe unamjua mama yangu, mwanangu, unamsikia kanisani akiimba. Sasa mfikirie amenyamaza kutoka Golden Valley mpaka Columbia Heights, na barabara ina foleni.

Jioni ile niliteremka chumba cha kufulia nguo pale kwenye nyumba yetu, nikakaa juu ya mashine, nikaweka vifaa vya kusikilizia masikioni. Nikamsikiliza Shosho, na nyuma yake nikasikia vidole vyangu vikibofya bofya mpira.

Ilikuwa hivi. Mwamba uliangukia wachimbaji, na gazeti likatangaza ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, jina la kijana aliyekufa. Kumbe aliyekufa ni mwingine mwenye jina hilohilo, maana Wafini wa kule walikuwa wakirithishana majina yaleyale kama nguo. Huyu aliye hai alikuwa msituni akikata miti, hana habari. Mama yake akasoma tanzia ya mwanawe asubuhi, kikombe mkononi. Kijana alipotoka msituni alikuta kitanda chake kina mtu mwingine na viatu vyake vinatembea mjini bila yeye.

Msaidizi pale gazetini akashauri waandike mistari miwili ya masahihisho ukurasa wa nne, chini ya bei ya siagi. Baba yake Shosho akakataa. Alikwenda kwenye sanduku, akatoa zile herufi kubwa zilizotangaza kifo, akazipanga kwa mkono wake mwenyewe, juu ya ukurasa wa kwanza, mahali palepale: YU HAI. TULIKOSEA. Akaweka na jina lake chini. Halafu akaichukua nakala ya kwanza, wino haujakauka, akatembea kwenye theluji mpaka kwa yule mama. Akakaribishwa kiti, hakupewa kahawa. Kwao, ukikaa kwa mtu usipewe kahawa, umeelezwa kila kitu. Akakaa kidogo, akaaga. Kesho yake akarudi, kiti kipo, kahawa hakuna. Siku ya tatu yule mama akaweka vikombe viwili.

"Baba alikuwa akisema," sauti ya Shosho ikamalizia, "kosa likitoka kwa herufi kubwa, sahihisho litoke kwa herufi za ukubwa uleule. Ukilipunguza, umekosea mara mbili." Halafu ikasikika sauti yangu ikisema kwa furaha, goli.

Ijumaa nilifika shule kabla ya kengele. Nikamweleza mwalimu yote, mpaka ile simu ya pili. Akaniambia kwa upole kwamba kazi yangu haiendi mashindanoni, na kwamba anaona aibu kwa sababu na yeye hakuuliza. Nikamwomba karatasi kubwa. Nikapima kichwa cha habari cha zamani kwa rula, mwanangu, urefu na unene, nikaandika kwa ukubwa uleule: GAZETI HALIKUZAMA. MHARIRI HAKUWA MLEVI. NILITUNGA MIMI. Nikaweka jina langu lote mpaka la babu. Nikabandika mahali palepale, na saa ya chakula nikasimama kando yake.

Ilikuwa saa ndefu. Waliokuwa wakinipungia mkono walisoma, wakanitazama, wakasoma tena. Mmoja wa rafiki zangu akaniuliza kama nimelipwa. Mwingine akaniita nahodha, kwa sababu ya lile lori la ziwani, na jina hilo limenibaki mpaka leo. Wapo waliopenda uongo zaidi na wakasema wazi kwamba nimeharibu. Nikawaambia samahani, na nikagundua kitu cha ajabu: mtu akishaandika kosa lake kwa herufi kubwa kama sahani, hakuna anayeweza kumtishia nalo tena. Nilikula sandwichi yangu palepale nimesimama, na ilishuka vizuri.

Mchana nikapanda basi kwenda kwa Shosho. Nikampa picha ya ile karatasi. Akaikagua kwa lenzi, akanionyesha kiti. Alikuwa anakunywa kahawa. Kikombe kilikuwa kimoja. Nikakaa kidogo, nikaaga.

Jumatatu, kiti kipo, kikombe kimoja. Mama alipita mlangoni akisukuma toroli la dawa, akaona, akaendelea na safari yake. Nilitamani aingie anisemee. Hakuingia, na sasa namshukuru.

Jumanne nilikuta vikombe viwili, na donge la sukari kwenye kisahani changu. Nikaliweka katikati ya meno kama yeye. Nusura linipalie. Shosho akasubiri nimalize kukohoa, akasema, "Ile siku yake ni leo."

Akanieleza gazeti lilivyokufa. Hakukuwa na ziwa wala lori. Lilitoka kila siku, halafu mara tatu kwa wiki, halafu mara moja, halafu asubuhi moja halikutoka. Wasomaji walizeeka, wakazikwa, na watoto wao walielewa Kifini lakini wakajibu kwa Kiingereza. Baba yake macho yalipoanza kufifia alimwomba yeye, bintiye, awe anamsomea kurasa kabla hazijachapwa, ashike makosa. Shosho wakati huo alikuwa na umri kama wangu. Akamjibu baba yake kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu shuleni kwao anayesoma kitu hicho. Baba hakugomba. Alisema sawa, akavuta taa karibu, akaendelea kusoma mwenyewe.

"Sisemi nililiua mimi," Shosho akasema. "Nasema nilikuwa mmoja wao. Na hilo sikulisahihisha popote, kwa herufi za ukubwa wowote."

Nikatoa simu moja tu, ile ya kurekodia, nikaiweka mezani. Nikamwuliza kama anayo nakala yoyote. Alikuwa nayo, ya mwisho, imekunjwa ndani ya Biblia. Akaifungua, akasoma ukurasa wa kwanza kwa Kifini, kwa sauti, kama wale wa zamani walivyowasomea wenzao wenye macho mabovu. Wazee wa chumba cha pili waliacha televisheni wakaja kusikiliza, na hapakuwa na hata mmoja aliyeelewa neno. Alisoma mpaka mwisho, na akamaliza na jina la baba yake.

Tulipokuwa tunarudi, Mama akaniuliza siku imekuwaje. Nikamjibu kwa Kiswahili. Yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na donge la sukari. Kilikuwa Kiswahili kibovu, mwanangu, ngeli zimegongana kama magari kwenye barafu. Mama alishtuka akapita njia yetu ya kutokea barabara kuu, na hatukugundua mpaka tulipokuwa tumeshavuka Saint Paul, karibu kabisa na Woodbury. Hakukasirika. Aligeuza gari akasema, "Rudia pale pa vikombe viwili. Na safari hii useme vizuri."

Basi shika haya, kwa kuwa utakosea, na wewe nakujua utakosea kwa kishindo. Ukicheka na watu, cheka. Mimi bado nacheka, na nahodha bado ni mimi. Lakini jina la mtu asiyeweza kujitetea usilifanye kichekesho. Ukikosea mbele ya wengi, usiende kutubu kwenye kona peke yako ukadhani umemaliza. Rudi palepale, kwa sauti ileile, uweke na jina lako. Halafu nenda kwa uliyemkosea, ukae kwenye kiti bila kupewa kahawa, na usiulize kahawa iko wapi. Itakuja siku yake. Na mama yako akikuuliza kitu kwa Kiswahili, mjibu kwa Kiswahili, hata kibovu, wakati bado yupo wa kukusahihisha.

Mungu akupe moyo mpana na mkono usioogopa herufi kubwa. Akupe wazee wakali wenye lenzi. Akuondolee ile simu ya pili. Na popote utakapokwenda kuomba radhi, mwanangu, akujalie ukute vikombe viwili.